Habari za Simu ya Mitandao Miwili Katika Njia ya Kibati

Msafiri atokaye Goma kuelekea Rutshuru, akiisha kuziacha nyumba za mbao za Majengo na kuvuka nyanda za mawe meusi za Munigi na Kanyaruchinya, hufika Kibati, kijiji kilichokaa ubavuni mwa mlima Nyiragongo, kaskazini ya mji kwa mwendo wa kilomita zipatazo 15. Mkono wake wa kushoto una mlima wa moto wenye kimo cha mita 3,470, ambao wapandaji wake walikuwa wakianzia safari hapo hapo Kibati, penye kituo cha walinzi wa Hifadhi ya Virunga. Mkono wake wa kulia, kwa kilomita chache tu, una mpaka wa Rwanda. Historia ya simu yenye kupokea mitandao ya namna mbili aghalabu husimuliwa kuwa ni habari ya wahandisi wa Marekani na Ulaya, na ya makampuni yaliyoshindania soko. Nami sikatai kwamba walioibuni ni hao. Lakini maadamu historia ya chombo ni pamoja na habari za haja ya watu wake, njia hii ya Kibati inastahili kutajwa ndani yake, kwa kuwa hapa simu ya namna hiyo ilihitajiwa kwa sababu iliyodumu kuliko serikali na majeshi yote yaliyopita: hapakuwa na mtandao mmoja, wala mamlaka moja, ambayo mtu angeweza kuitegemea peke yake tangu alfajiri hata magharibi.

Kabla ya simu ya mkononi palikuwa na redio iitwayo fonie. Simu za waya za serikali ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, zilikuwa zimekwisha kufa katika sehemu kubwa ya nchi, na mtu wa Kivu aliyetaka kusema na nduguye aliye Kisangani au Kinshasa alikwenda katika kibanda chenye redio ya masafa marefu, ambayo waya wake ulitandazwa juu baina ya miti miwili na betri yake ya gari iliwekwa chini ya meza, akalipa ada, akangoja saa ya miadi. Redio ile haikuwaruhusu wawili kusema kwa pamoja. Kila mmoja alimaliza neno lake, akaachia kitufe, ndipo mwenzake akajibu. Siri haikuwapo, maana habari ya msiba, ya posa na ya bei ya maharagwe zote zilisikiwa na kila aliyekuwa kibandani akingoja zamu yake, na kadhalika na wote waliokuwa wakisikiliza wimbi lile mahali pengine.

Simu ya mkononi iliingia Zaire mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1986 Miko Rwayitare, mhandisi mzaliwa wa Rwanda, pamoja na mshirika wake Mmarekani, Joseph Gatt, walianzisha mjini Kinshasa kampuni ya Telecel, nayo ikawa miongoni mwa za mwanzo kabisa katika Afrika kusini ya Sahara. Chombo kimoja kiliuzwa kwa maelfu ya dola, na walionunua walikuwa mawaziri, majenerali na wafanyabiashara wa almasi. Kanuni iliyotumiwa ni ile ya Kimarekani, AMPS, iliyoanza kazi Chicago mwaka 1983. Wakati huo Waingereza walikuwa na kanuni yao, TACS, ambayo baadaye ilitangulia Kenya na Tanzania, na watu wa Skandinavia walikuwa na yao, NMT. Na simu ya kanuni moja ilipofikishwa katika nchi ya kanuni nyingine ilikuwa bubu kabisa, hata kama mnara ulisimama mbele yake.

Wazungu wa Ulaya waliiona adha hiyo mapema, kwa kuwa mipaka yao iko karibu karibu. Tarehe 7 Septemba 1987 wajumbe wa nchi 13 walitia sahihi mjini Copenhagen mapatano ya kujenga mtandao wa kanuni moja, GSM, na tarehe 1 Julai 1991 Harri Holkeri, aliyekuwa waziri mkuu wa Finland, akapiga simu ya kwanza ya mtandao huo. Marekani hawakuifuata njia hiyo. Kampuni ya Qualcomm ya San Diego ilileta kanuni ya CDMA, ikaanza kufanya biashara Hong Kong mwaka 1995, na tangu hapo dunia ikagawanyika kambi mbili. Tafauti yao haikuwa ya jina. GSM hugawa wasaa: wimbi moja hukatwa vipande vinane, na wasemaji wanane hupokezana upesi mno hata masikio hayatambui, kama akina mama wa Kibati wapokezanavyo bomba siku ya maji. CDMA huwaacha wote waseme kwa pamoja juu ya wimbi lile lile, kila sauti ikiwa imevishwa alama yake ya hesabu, na chombo kinachopokea huchambua alama hiyo na kuzipuuza nyingine. Tena katika GSM namba ya mtu hukaa katika kadi ndogo inayoweza kutolewa na kutiwa katika chombo kingine, ilhali simu nyingi za CDMA zilikuwa na namba iliyoandikwa ndani ya chombo chenyewe. Aliyetaka simu moja iingie kambi zote mbili hakuwa na budi kutia ndani yake mitambo miwili ya mawimbi, na kwa hiyo simu hizo zilikuwa nene, ghali na zenye kumaliza betri mapema.

Goma iliingia katika habari hii kwa mlango wa vita. Mwezi wa Agosti 1998 waasi wa RCD walianza vita vyao, wakaufanya mji huo makao yao makuu, na kwa miaka kadha ukatawaliwa mbali na Kinshasa. Mwaka huo huo MTN Rwandacell ilianza kazi nchini Rwanda. Sasa Goma na Gisenyi ni miji miwili iliyogusana, ambayo mtu hupita kwa miguu kutoka mmoja hata mwingine katika vizuizi viitwavyo Petite Barrière na Grande Barrière. Na mawimbi hayasimami kizuizini kuonyesha hati ya safari. Kwa hiyo watu wa Goma walioweza kununua simu walisema kwa mtandao wa jirani, wenye namba za 250, kabla nchi yao haijawaletea wa kwao. Celtel, iliyoasisiwa na Msudani Mo Ibrahim, ilianza Kongo mwishoni mwa 2000. Vodacom ilifuata 2002, ikijengwa juu ya kampuni ya Alieu Conteh, Mgambia, ambaye husimuliwa kwamba vita vilipowazuia wahandisi wa kigeni kuja Kinshasa aliwakusanya wenyeji na vyuma chakavu, vikaunganishwa kwa moto vikawa mnara. Mitandao hiyo miwili ilikuwa ya GSM, na ilipofika Kivu watu wakawa na namba za 243 pamoja na zile za 250, lakini chombo kilikuwa kimoja, na kadi ilibadilishwa kwa ukucha mara kadha kwa siku.

Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasuka. Nyufa zilifunguka kutoka ubavuni kwake hata karibu na mji, uji wa moto ukashuka, ukaifunika sehemu ya kiwanja cha ndege, ukakata Goma katikati na kuingia ziwani. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia, wengi wao wakielekea Gisenyi. Mtu aliyetoka na kadi ya 243 tu alifika mahali ambapo kadi hiyo haikumfaa sana, na aliyekuwa nayo ya 250 alitafutwa na majirani, maana aliweza kuuliza habari za watoto waliopotea.

Lakini simu ya mitandao miwili kwa maana yake halisi, yaani chombo kimoja chenye mitambo ya kanuni mbili zisizofahamiana, ilionekana kwanza katika njia ya Kibati mikononi mwa watu wa aina nyingine. Wahandisi walikuwa wamekwisha kujaribu kuunganisha mtandao wa ardhini na ule wa setilaiti. Iridium ilianza Novemba 1998 na setilaiti zake 66, ikafilisika Agosti 1999. Globalstar ilikuwa na simu za kupokea ardhini na angani, lakini setilaiti zake zilihitaji vituo vikubwa vya kupokelea, na Afrika ya Kati haikuwa navyo. Iliyofanikiwa katika pande zetu ni Thuraya, kampuni ya Umoja wa Falme za Kiarabu, iliyopewa jina la nyota za kilimia, ambayo setilaiti yake ya kwanza ilirushwa Oktoba 2000 na ya pili Juni 2003. Simu yake ilikuwa na mahali pa kutilia kadi ya GSM kama simu yoyote. Palipokuwa na mnara ilitumia mnara, na mnara ulipokosekana ikatafuta setilaiti iliyosimama juu ya ikweta kwa kilomita zipatazo 36,000. Katika Kivu watu walizoea kuita kila simu ya setilaiti Thuraya, hata ikiwa ya kampuni nyingine.

Inafaa nikieleze chombo hiki kwa karibu, maana vijana wengi hawakukiona. Kilijaa kiganja, na ubavuni kilikuwa na antena nene mfano wa kidole gumba, ambayo ilivutwa juu kabla ya kusema na setilaiti. Ndani ya nyumba hakikusikia neno. Sharti mtu atoke nje, aiache migomba na mabati, asimame penye uwazi, aielekeze antena juu, ikiinama kidogo upande wa mashariki, kwa kuwa setilaiti ya pili ya Thuraya ilikaa juu ya bahari na pwani upande huo, katika longitudo ya 44. Kisha angoje. Chombo kilijitafutia kwanza mahali kilipo duniani kwa msaada wa setilaiti nyingine za kupimia mahali, kikapeleka habari hiyo kwa kampuni, ndipo kikapewa ruhusa. Sauti ilipokwenda juu na kurudi ilichelewa kiasi cha robo ya sekunde, na wasiozoea walikatizana maneno. Na jambo lile la kupeleka habari ya mahali lilikuwa na uzito mkubwa kwa watu wa vita, kwa kuwa mwenye simu alijua kwamba kila asemapo amejitaja alipo. Kwa hiyo makamanda wengi walisema maneno machache, wakazima, wakahama.

Mwisho wa Oktoba 2008 jeshi la waasi wa CNDP la Laurent Nkunda lilishuka mpaka Kibumba, askari wa serikali wakarudi nyuma, na Kibati ikawa mstari wa mapigano. Watu zaidi ya 60,000 waliokuwa wamekimbia vijiji vya juu walikaa katika kambi mbili za hapo, juu ya mawe makali ambamo kigingi cha hema hakipenyi, wakisikia bunduki kwa masikio yao, mpaka wengine walipohamishiwa Mugunga. Katika mahali hapo pamoja palikuwapo mitandao yote niliyoitaja. Nkunda aliwapigia waandishi wa habari wa dunia nzima kutoka milimani; watu wa misaada walikuwa na Thuraya begani na GSM mfukoni; na mkimbizi alikuwa na simu yake ndogo, iliyozimwa kutwa nzima ili betri isiishe, akaiwasha jioni na kupanda juu ya rundo la mawe akitafuta rezo, kama wasemavyo wenyeji, na bila kujali kama rezo hiyo imetoka Goma au Gisenyi. Naona ni haki kusema kwamba katika watu hao wote ni mkimbizi aliyekuwa na haja kubwa kuliko wenzake ya chombo chenye mitandao miwili, na ni yeye tu asiyekuwa nacho.

Simu zile za setilaiti ziliacha nyuma yao ushahidi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, katika ripoti yao ya mwishoni mwa 2009, walichunguza orodha za simu za makamanda wa FDLR, waasi wa Kinyarwanda waliokuwa msituni, wakaonyesha jinsi zilivyounganisha Kivu na watu wa kundi hilo waliokaa Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Kiongozi wao, Ignace Murwanashyaka, aliyeishi Mannheim, alikamatwa na Wajerumani Novemba mwaka huo huo, na mazungumzo ya simu yaliyonaswa yakawa sehemu kubwa ya kesi. Mahakama ya Stuttgart ilimhukumu kifungo cha miaka 13 mwaka 2015. Hukumu hiyo ikatenguliwa kwa sehemu baadaye, naye akafa 2019 kesi yake haijarudiwa.

Kuhusu CDMA maneno yangu ni machache, kwa kuwa ilipita kwetu kama mvua ya vuli. TTCL ya Tanzania iliitumia, na Telkom ya Kenya ikauza simu za mezani zisizo na waya za namna hiyo. Ng'ambo ya mpaka wa Kibati, Rwandatel, iliyonunuliwa 2005 na Terracom na kisha 2007 na Walibya, iliieneza kanuni hiyo, halafu mwishoni mwa 2008 ikaanza na GSM pia. Lakini Aprili 2011 ikanyang'anywa leseni yake. Wengi wa wateja wake wa CDMA walibaki na vyombo visivyokubali kadi ya mtandao mwingine wowote.

Kilichoitatua haja ya raia wa kawaida ni tadbiri iliyokuwa nyepesi zaidi, nayo ni simu ya kadi mbili. Mtaalamu atasema, na atasema kweli, kwamba simu hiyo si ya kanuni mbili, maana kadi zote mbili ni za GSM. Lakini mtu wa Kibati hakuwa ametengwa na kanuni. Alitengwa na mpaka. Mwaka 2006 Celtel iliunganisha Kenya, Uganda na Tanzania kuwa kama nchi moja ya simu, na 2007 ikaongeza Kongo. Mfanyabiashara wa Goma akaweza kusema kutoka Nairobi kwa namba yake bila kutozwa ada ya ugeni. Gisenyi, anapokwenda kila asubuhi kununua nyanya na maziwa, haikuwamo, kwa kuwa Celtel haikuwa na mtandao Rwanda. Simu za Kichina za kadi mbili, kama zile za Tecno, ziliingia masokoni katika miaka hiyo kwa bei nafuu, nazo zikaliziba pengo ambalo makampuni hayakuliziba. Nyingi zilikuwa na mtambo mmoja wa mawimbi uliozisikiliza kadi mbili kwa zamu, na mtu aliposema kwa kadi ya kwanza ya pili ikawa kiziwi. Dhiki nyingine ilikuwa simu kujishikia mtandao wa ng'ambo bila mwenyewe kujua, salio likayeyuka. Hata watu wakajifunza kuingia katika mipangilio na kuchagua mtandao kwa mkono, elimu ambayo mkazi wa mji wa katikati ya nchi hana haja nayo.

Vita vilirudi. Waasi wa M23 walipita Kibati wakaingia Goma tarehe 20 Novemba 2012, wakatoka baada ya siku chache, wakakaa katika vilima vya juu ya kijiji. Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2098 la 28 Machi 2013, liliunda kikosi cha askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania, na mwisho wa Agosti wakapigana hapo Kibati, akafa meja mmoja wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Kimojawapo cha vilima vilivyogombewa katika vita hivyo, katika njia ya Kibumba, huitwa Trois Antennes kwa ajili ya milingoti mitatu. Na si ajabu, kwa kuwa mahali pafaapo kuweka mlingoti ni pale pale pafaapo kuweka mzinga.

Baada ya hapo simu ya kanuni moja ilianza kupungua kimya kimya. Kongo ilipata 3G mwaka 2012 na 4G mwaka 2018, na simu nyingi mpya zilibeba kanuni hizo pamoja na ile ya zamani, zikishuka ngazi kwa ngazi kadiri mnara unavyokuwa mbali. Na hapo serikali ikazuka na jambo ambalo kwangu lilikuwa dhuluma. Septemba 2020 ilianzisha ada ya daftari la vyombo vya mkononi, RAM, iliyopangwa kwa uwezo wa chombo: simu ya 2G dola 1 kwa mwaka, simu ya 3G na zaidi dola 7, ikikatwa kidogo kidogo katika salio la mtu. Mkulima wa mteremko wa Nyiragongo, ambaye simu yake ina uwezo wa 4G lakini mara nyingi anaona 2G tu, alilipia mtandao asiopewa. Bungeni waziri alihojiwa, vijana wa LUCHA, harakati iliyozaliwa Goma 2012, wakapinga, na mapema 2022 ada ikafutwa.

Mlima ulitapika tena usiku wa 22 Mei 2021, na tarehe 27 sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama. Safari hii amri, uvumi na maulizo ya jamaa vilisafiri katika simu za kadi mbili. Kisha M23 wakaiteka Goma tarehe 27 Januari 2025. Kiwanja cha ndege kikafungwa, mabenki yakafungwa, na wenye fedha wakavuka Gisenyi kuzitafuta. Fedha za simu, kama zile za M-Pesa, zikawa ndizo mzunguko wa biashara. Mwenye duka wa njia ya Rutshuru hununua bidhaa Gisenyi akilipa kwa kadi ya 250, na huuza kwake akipokea kwa kadi ya 243. Franki za Rwanda zimo upande mmoja wa simu yake, dola na franki za Kongo upande wa pili, na hesabu yake ya jioni huifanya kwa kuhama kutoka kadi hii hata ile.